Mwanamke wa Ukutani

"Mpe mikono yake ya kweli, fundi. Haikuwa laini hivyo."

Mke alisimama nyuma ya nguzo na kikapu cha vitambaa vya altare alivyotoka kupiga pasi. Ile ilikuwa sauti ya mumewe. Mtu asiyejua hata mkewe anavaa kiatu namba ngapi, leo anaijua mikono ya Mama Maria wa ukutani!

Hapo akaamini mumewe ana mwanamke, na ndiye aliyechorwa pale. Tangu mchoraji mzee arudi kuipaka upya picha aliyoichora ujanani, mume hapiti siku bila kuingia kanisani. Nyumbani anakula kimya. Juzi alimkuta ameuegemea ukuta ule, anamnong'oneza yule mwanamke wa pichani: "Nimechelewa kukujua."

Alingoja mume atoke, akaenda chini ya ngazi ya mchoraji.

"Shikamoo, mzee. Huyu ulimchora kwa kumtazama nani?"

"Marahaba, binti. Kibarua mmoja. Tulipokuwa tunajenga hapa, alibeba zege kichwani siku nzima. Nilimwomba akae mbele yangu siku tatu nimchore. Viganja vyake vilikuwa sugu tupu. Wakubwa wa kanisa wakasema Mama wa Mungu hawezi kuwa na mikono ya kibarua. Nikailainisha, nikampa na ua ashike. Mpaka leo inaniuma."

"Alikuwa mzuri," mke alisema.

"Mno."

"Na mume wangu, huyo aliyetoka, anamjua?"

Mchoraji alichovya brashi kwenye rangi ya udongo. Wivu ukampanda mke, macho yakawa mekundu.

"Mzee, mimi nafua, napika, namfungulia mlango kila siku. Sigawani mume na mtu, hata awe bibi kizee. Niambie anakaa wapi, niende leo hii anieleze ana kwa ana alichonishinda."

Mzee aliweka brashi chini. Akashuka ngazi polepole, akakaa kwenye benchi la mbele.

"Huwezi kumwona, binti. Alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, akafa kabla sijamaliza kumchora. Aliacha mtoto wa mgongoni, akachukuliwa na watu baki, wakamlea kama wa kwao. Niliporudi mwezi uliopita nikamtafuta mpaka nikampata, nikamleta hapa, nikamwonyesha mama yake."

Akanyoosha kidole mlangoni.

"Umepishana naye sasa hivi."