Seva Ilivyotupatanisha

Siku hizi kumbukumbu za ndoa hukaa kwenye seva ya mtaa, na mume na mke hawaruhusiwi kukumbuka jambo moja kwa namna mbili. Mimi na mzee wangu Shemdoe tulikuwa nazo mbili. Mimi nilimwona akilia siku ya harusi yetu, kamasi mpaka kwenye kanzu. Yeye alisema ni moshi wa jikoni. Tulibishana hivyo tangu ujana, na chai ya asubuhi bila ubishi huo ilikuwa hainyweki.

Binti yetu Mwanahamisi, ambaye kazi yake ni kurekebisha makosa ya seva, akaja na kompyuta yake, amenuna.

"Mama, seva ya mtaa mzima imekwama kwa sababu yenu. Chagueni moja."

"Weka machozi. Kanzu ile niliifua mimi."

"Moshi!" akadakia baba yake.

"Basi itachagua yenyewe," akasema Mwanahamisi, akabonyeza. Taa ya kompyuta ikawa ya kijani. Akamalizia chai yangu, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata nikamgeukia mzee nimchokoze. Maneno ninayo, ila nikiikumbuka harusi yetu naona moshi tu, umetanda mpaka mlangoni.

"Mbona leo hunichokozi, Mama Mwana?"

"Nikuchokoze na nini? Ulikuwa moshi, baba."

Nilidhani atacheka kwa kushinda. Akaweka kikombe chini.

"Mimi siku zote nauona moshi," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unajua. Sasa nani ataniambia kama nililia?"