Ramani ya Ijumaa

Kila Alhamisi watu wa mji ule hulala wamevaa kofia za ramani, na Ijumaa huamka wakizijua nchi zote, bahari na visiwa vinavyogombewa, kama mambo yalivyo wiki hiyo. Bi Raya aliipenda Ijumaa. Shuleni jiografia ilimtoa machozi. Sasa yeye na mumewe, Haroub, huulizana maswali huku wakinywa chai, na kila jibu humjia lenyewe mdomoni.

Usiku wa kuamkia Ijumaa hii Haroub alikuwa na homa iliyomzuia kuvaa kofia. Hata hivyo aliutaka mchezo wao.

"Mlango wa bahari wa kusini uko chini ya nani?"

"Umekodishwa kwa majirani," Raya alijibu huku akipaka mkate siagi.

"Na kisiwa cha Mwambeni?"

"Hakuna kisiwa cha jina hilo."

Haroub akacheka. "Raya, si ndiko tulikooana? Mama yako bado anaishi huko."

Raya akatafuta kichwani. Alimwona mama yake waziwazi, amekaa barazani akichambua mchele, lakini kuizunguka baraza ile palikuwa na maji matupu. Ajabu ni kwamba hakuumia. Moyo wake ulitulia kama wa mtu aliyefaulu mtihani.

Akamgusa mumewe kwenye paji la uso. Homa ilikuwa imeshuka.

"Leo ukilala uvae kofia, mume wangu," alimwambia kwa upole. "Kesho tutaelewana."

Haroub akaweka kikombe chini, akaanza kumsimulia Mwambeni, mtaa kwa mtaa, kwa haraka. Raya alimsikiliza akitabasamu, kama anayesimuliwa nchi ya mbali.