Chupa Mbili za Asubuhi

Kila asubuhi sheria inatutaka tumeze kidonge kinachotoa chuma kwenye damu, tukojoe kwenye chupa, tuiweke mlangoni. Mkojo ukiwa mwekundu, chuma kimetoka. Ukiwa mweupe, wewe ni mkaidi, na wakaidi huja kuchukuliwa.

Mke wangu Sikitu ana mimba ya miezi saba. Nilipomkuta anamega udongo wa ukuta wa jikoni na kuula, nikajua ameishiwa damu. Tangu siku hiyo nameza vidonge viwili, changu na chake, na chupa zote mbili nazijaza mimi.

Leo zimetoka nyeupe pee. Mkusanyaji wa chupa alikuwa anagonga kwa jirani. Nikachukua wembe, nikajikata kidole ili nizitie wekundu. Damu iliyodondoka ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea mchele. Haikutia rangi hata chupa moja.

Sikitu akaninyang'anya wembe.

"Mke wangu, acha!"

"Damu yangu bado nyekundu," alisema, huku akikunja mkono wa gauni. "Si wewe uliyeitunza?"

Mlango ukagongwa.