Msomaji wa Ripoti za Kinamasi

Ripoti ya thelathini na sita ilipakuliwa mara moja tu, sawa na zile thelathini na tano zilizoitangulia. Aliyeipakua alikuwa yule yule.

Mchambuzi wa picha za setilaiti alitabasamu peke yake mbele ya kompyuta. Miaka mitatu sasa alikuwa akikitazama kutoka angani kinamasi kilichopakana na mji. Penye maji alipaka buluu, panapoanza kukauka manjano, palipokauka kabisa nyekundu. Kila mwezi nyekundu ilizidi kutambaa.

Mkurugenzi alizipokea ripoti hizo kwa mikono miwili, akazisifu kwenye semina, kisha akaziweka chini ya mashine ya kuchapisha iliyokuwa ikiyumba mguu. Mama yake mchambuzi alimwuliza kama yupo pia anayelipwa kutazama nchi kavu.

Lakini huyu msomaji, aliyejiita Mpenda Ardhi, alisoma kweli. Tena aliandika barua pepe zenye adabu. Je, sehemu nyekundu zingeweza kukuzwa kidogo? Na barabara ya karibu ilikuwa ipi? Mchambuzi aliongeza yote, hakungoja kuambiwa mara ya pili. Mtu mmoja mwenye uchungu na kinamasi, alijisemea, anawashinda wakurugenzi kumi wenye semina.

Alipoalikwa ili ashukuriwe ana kwa ana, alivaa gauni analolitunzia harusi za watu.

Ofisi ilikuwa ndogo, safi, ina zulia. Ramani zake zote zilitundikwa ukutani ndani ya fremu, na kila doa jekundu lilichomekwa pini. Mzee mwenye miwani, Mpenda Ardhi mwenyewe, alimvutia kiti. Alimweleza kwamba kila pini ni familia moja iliyonufaika na kazi yake.

Mchambuzi akawafikiria wavuvi na wasuka mikeka wa kinamasini. Machozi yakamlengalenga. Kumbe hakuhangaika bure.

"Mmewasaidiaje, mzee wangu?"

"Wewe ndiye uliyewasaidia, mwanangu. Zamani wateja walikuwa wanaogopa maji. Siku hizi nikiwaonyesha nyekundu yako, yenye mhuri wa serikali, wananunua kiwanja siku hiyo hiyo." Akasogeza kiti karibu. "Hebu niambie, manjano ya upande wa mtoni itakuwa tayari lini?"