Kisanduku cha Mwinchande

Kila wanenguaji walipoongezeka jukwaani, Mwinchande na gitaa lake la besi walisogezwa nyuma, hata wakafika mlango wa uani. Waya ukarefuka, na sauti ikawa inafika kwenye spika hoi, kama mgeni aliyekuja kwa miguu.

"Besi yako imezeeka," wenzake wa bendi wakamwambia.

Akauza baiskeli, akanunua kisanduku cha kulinda sauti isififie kwenye waya mrefu, akakichomeka kati ya gitaa na waya. Besi ikanguruma safi. Akangoja kuitwa mbele.

Salumbe, kiongozi wa bendi, akamjia anacheka. "Kumbe hata ukiwa mbali unasikika, kaka! Basi hamia nje, wahudumu wa baa wapate njia."

Mlango ukafungwa. Mwinchande akainama, akapiga. Chini ya mlango aliona visigino vya wanenguaji vikifuata mdundo wake, havijui vinamfuata nani.