Kanga ya Mama Mkwe

Mbele ya mashine ya kusaga, Kisaka alisimamisha pikapu yake mpya ubavuni mwa ya Mwadime. Mji mzima ulikuwa ukibishana ipi inachomoka haraka zaidi.

"Mpaka darajani tu," Kisaka alisema. "Au dizeli yako ina maji?"

Mwadime akakanyaga mafuta. Moshi mweusi ukatanda, na akafika darajani amemwacha Kisaka urefu wa gari zima. Alishuka ameinua mikono, lakini hakuna aliyempigia makofi. Watu walikuwa wakitazama nyuma ya gari.

Hapo ndipo alipokumbuka. Mama mkwe wake alikuwa amepanda huko nyuma, maana kwao mama mkwe haketi mbele na mkwewe, wala hawagusani, hata nguo. Alikuwa amekumbatia gunia la pumba, kichwa wazi, mvi zake zikionwa na kila mtu.

Ikabidi Kisaka ndiye amshike mkono ashuke.

"Mwambie mkwe wangu ameshinda," mama alimwambia Kisaka taratibu.

Kule walikoanzia, kanga yake ilikuwa imelala katikati ya barabara. Mwadime akaanza kuiendea kwa miguu, asijue ataiokotaje.