Mwanga Uliobaki

Gari la chuo lilipoegeshwa mbele ya duka, Bernadina alikuwa ameshalitoa daftari chini ya gunia la maharage, alikolificha kwa miezi mitatu. Leo angesema. Liwalo na liwe.

Sironka, mwanafunzi wa fizikia, alikuwa hatarini kufukuzwa. Walimu wake walidai amepika takwimu. Juzi alipiga simu kutoka Dar es Salaam: "Dada Bena, mwalimu wangu anapita Karatu akielekea Ngorongoro. Mwonyeshe daftari. Shahidi wangu ni wewe peke yako."

Shahidi!

Chuoni foleni ya kompyuta ilikuwa ndefu, ndiyo maana likizo iliyopita, mwaka huo wa 2004, Sironka alikodi kompyuta moja katika duka la Bernadina la kuchapa barua. Humo aliijaribu, kwa hesabu tu, taa ambayo bado haijatengenezwa: utando wa kaboni, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, unaotoa mwanga ukipitishwa umeme. Kwa siku kumi na tatu kompyuta ingekokotoa jinsi mwanga huo unavyofifia, na kila asubuhi ingetoa namba moja ya mwanga uliobaki. Kazi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, zikaja habari kwamba baba yake amelazwa hospitali ya Wasso.

"Nenda kwa mzee," Bernadina alimwambia. "Namba nitaandika mimi. Na haitazimwa, nakuapia."

Siku tano aliandika. Siku ya sita kompyuta yake mwenyewe iligoma kuwaka, na mlangoni wamesimama wafiwa wanataka ratiba ya mazishi, jeneza liko njiani. Ile ya Sironka ilikuwa imezidiwa na hesabu zake, haifungui hata barua. Bernadina akaizima, akaiwasha upya, akachapa ratiba.

Baadaye alipoirudisha kazi ya Sironka, ikaanza mwanzo kabisa. Angemwambia nini mtu anayemuuguza baba yake? Namba nane zilizobaki akazitunga. Fizikia hakuijua, ila ng'ombe alimjua, na wake alikuwa anakaribia kukauka: leo maziwa yanapungua, kesho yanapanda kidogo, keshokutwa yanashuka zaidi. Akaandika hivyo hivyo.

Sironka aliporudi alizinakili namba zote, akamshika mikono yote miwili, akamwachia chupa ya asali ya Loliondo. Bernadina hakuweza kuionja. Kila alipoiangalia alijiona mwizi.

Sasa mwalimu, mzee mpole mwenye miwani, alilifungua daftari juu ya kaunta.

"Karibu, mwalimu," Bernadina alisema, na machozi yakamtoka kabla ya maneno. "Nisamehe. Humu kuna namba ambazo hazikutoka kwenye kompyuta."

Mwalimu alivua miwani.

"Ahsante kwa ukweli wako, mama. Kamati ya chuo ilihisi tu, ikanituma nihakikishe. Nilikuwa naomba Mungu tuwe tumekosea, maana sasa sina la kumtetea."

Akatoa kalamu, akazizungushia duara namba tano za mwanzo.

"Hizi zimenyooka mno. Mtu amekaa mezani akazitunga." Kisha akashusha kidole kwenye namba ya sita, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Laiti kijana angefanya kazi yote kwa uaminifu kama hizi nane."